Miguu Niliyoandika Imelegea

Mimi ni mwepesi wa hasira, na wanaonifahamu watakuambia nimezaliwa hivyo. Nikiukumbuka mwaka ule wa ukame, kinachonijia kwanza si huzuni, ni hasira. Niliikasirikia kompyuta ya maktaba, nikamkasirikia mkutubi, nikaikasirikia laini ya simu iliyokuwa ikikata mtandao kila nilipokaribia kusoma kitu cha maana. Aliyestahili kukasirikiwa alikuwa mtu mmoja tu, na huyo nilikuwa nikimchana nywele kila asubuhi mbele ya kioo.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya serikali mjini Dodoma. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Soko lilikuwa limeachiwa huru na mjini hakikukosekana kitu: vitenge vya kila rangi, redio za kila umbo, simu za mkononi zilizoning'inizwa kiunoni ili zionekane, na sabuni ambazo enzi za foleni tulizisikia tu kwa waliosafiri. Sisi wauguzi tuliambiwa kwamba cheti peke yake hakitoshi tena, tusome diploma la sivyo tutapitwa. Basi nikimaliza zamu ya asubuhi nilivua gauni jeupe, nikaenda chuoni kukaa darasani na wenzangu ambao ningeweza kuwazaa. Ndipo nikapata kadi ya maktaba, na maktaba ile ilikuwa na kompyuta mbili zenye mtandao.

Mdogo wangu wa kiume aliishi upande wa Bahi, kwenye shamba la marehemu baba yetu, pamoja na mkewe na watoto watatu. Mwaka wa mvua nzuri Bahi ni mahali pa kujivunia. Unavuna mpunga, unapata samaki mbugani maji yakituama, na maziwa yanakuwa mengi mpaka mengine yanagandishwa. Mwaka ule mbuga ilikauka ikapasuka. Uwele uliota, ukafika magotini, ukaungua. Ng'ombe walipelekwa mbali kutafuta malisho, na maziwa yakaenda nao. Mimi ndiye dada mkubwa mwenye mshahara, hata kama mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, kwa hiyo kuilisha nyumba ile lilikuwa jukumu langu na sikungoja kuambiwa.

Mahindi yalikuwa hayashikiki. Makopa yalikuwapo. Wafanyabiashara waliyaleta kwa malori kutoka mikoa ya mbali, mihogo iliyomenywa ikakaushwa, myeupe, mikavu, ya kupendeza ukiitazama. Sisi watu wa uwanda wa kati tunajua mtama na uwele. Muhogo kwetu ni kitu cha kuchemsha kidogo ukanywea chai, tena ule mtamu, na wengi wetu hatukujua kama kuna mwingine. Nikanunua gunia, nikalipandisha kwenye basi la Singida, nikajiona mtu wa maana. Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, aliyashughulikia makopa kama anavyoshughulikia uwele: akatwanga, akachekecha, akasonga ugali siku ileile. Wakawa wanakula asubuhi na jioni, na mboga ilikuwa mlenda mkavu, basi. Maharage hakuna, dagaa hakuna. Siku moja alinitumia salamu kwa kondakta kwamba unga ule una uchungu kidogo. Nikamjibu kwamba mwaka wa njaa mtu hachagui ladha.

Wiki chache baadaye alikuja yeye mwenyewe, amembeba binti yake mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minane, miguu yake ikining'inia karibu na magoti ya mama yake. Alilala mzima, akaamka hawezi kusimama. Binti yule ana jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo tangu azaliwe nilikuwa namwita mama, na yeye alilichukulia jambo hilo kwa uzito, akawa ananigombeza nikichelewa kuwatembelea.

"Mama, umefanyaje?" nilimwuliza.

"Shikamoo shangazi. Miguu imekataa."

Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu. Alizungumza vizuri, alikula vizuri, mikono ilikuwa mizima. Nilimshika kwapani nikamsimamisha kwenye sakafu ya wodi. Visigino havikugusa chini. Alisimama kwa ncha za vidole, na magoti yakapishana kama mkasi uliofungwa. Nilipojaribu kuukunja mguu mmoja, ulinigomea. Ulikuwa mgumu. Naandika haya ili ijulikane kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, saa nne asubuhi, kwa mikono yangu miwili.

Sasa nieleze habari za ile fomu. Miaka ile kulikuwa na mpango mkubwa wa kuumaliza polio, na mtoto yeyote aliyepooza ghafla akalegea viungo alijaziwa fomu yake maalumu. Mtoto wa fomu ile alikuwa mtoto wa bahati. Kwa wagonjwa wengine wote gari la hospitali halikuwa na mafuta. Kwa mtoto wa kulegea, gari lilikuja lenyewe, na sanduku la barafu, na mtu wa kuchukua choo chake kukipeleka maabara kubwa Dar es Salaam. Wataalamu walipiga simu kuuliza habari zake. Lakini fomu iliuliza kitu kimoja: ni viungo gani vimelegea? Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba vimekaza. Aliyekaza hakuwa mgonjwa wao.

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilifikiri: nikiandika ukweli, mama huyu mdogo atalala hapa wodini, daktari atapita, ataandika "aangaliwe", na hakuna mtu nje ya kuta hizi atakayejua kwamba yupo. Nikiandika kulegea, gari litakuja. Nikaandika: miguu yote miwili imelegea. Daktari wa zamu alisaini huku akimtazama mtoto wa kitanda cha pili aliyekuwa akihema vibaya, na simlaumu, kwa sababu yule wa kitanda cha pili ndiye aliyekuwa anakufa. Gari lilikuja kesho yake. Nilijiona mjanja.

Wifi hakuweza kukaa mjini. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa kiume wa miaka mitano na mwingine wa kunyonya aliyeachwa kwa jirani. Binti alipotolewa wodini nilimchukua nyumbani kwangu, na wifi nikamsindikiza stendi. Sikutaka aondoke mikono mitupu. Nikampa gunia la pili la makopa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba ndani ya mtandao kuna hazina ya makala za uuguzi na tiba kutoka dunia nzima, maelfu kwa maelfu, na kwamba ugonjwa wowote uliowahi kuonwa na mtu mwenye kalamu utakuwa humo. Nilimwamini mwalimu yule kama nilivyomwamini padri wa utotoni. Nikajua jina la ugonjwa wa mama yangu mdogo limo mle, na pembeni ya jina kuna dawa.

Mkutubi alikuwa mama mmoja wa Kusini, wa rika langu, mtaratibu, mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba na kanga mabegani kwa ajili ya upepo wa Dodoma. Kila msomaji alikuwa na nusu saa. Ukimaliza, unainuka, hata kama ukurasa ndio kwanza unafunguka. Nilimwambia natafuta habari za polio kwa ajili ya masomo. Sikutaka kumweleza habari za mtoto wa ndugu yangu. Tayari kijijini walikuwa wameanza kusema kwamba mtoto amerogwa kwa sababu ya shamba, kwamba kuna mtu wa ukoo asiyefurahi mdogo wangu kulirithi, na mimi sikutaka maneno hayo yapande basi yaje mjini.

Siku ya kwanza niliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia kama ninavyoandika ripoti ya wodi. Niliandika kwa Kiingereza safi kwamba naomba kufahamishwa sababu ya mtoto wa kike wa miaka minane, aliyekuwa na afya njema, kushindwa kutembea ghafla bila homa, na kama kuna matibabu. Nikaweka na neno la tafadhali. Tukangoja. Jibu lilikuwa sifuri. Mkutubi alichungulia nyuma yangu, akacheka mpaka miwani ikashuka.

"Dada, umeiandikia barua! Ungeweka na shikamoo kabisa."

"Kwani inataka nini?"

"Haisomi, inatafuta maneno tu. Ukiipa maneno ishirini, inatafuta makala yenye yote ishirini, na haipo. Ukiipa moja, itakumwagia dunia nzima."

Sikupenda kuchekwa. Kesho yake nikaipa moja, neno la kupooza, nikamwagiwa dunia nzima. Wazee wa Ulaya waliopata kiharusi, wapanda pikipiki waliovunjika uti wa mgongo, panya wa maabara. Siku iliyofuata nikaongeza neno la watoto. Kisha nikaongeza neno la kulegea, kwa sababu ndilo nililoliandika kwenye fomu, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaliandika mahali pengi: kwenye faili, kwenye kitabu cha zamu, kwenye barua ya rufaa. Mtu akirudia uongo mara nyingi kwa mwandiko mzuri, mwisho anausoma kama wa mwingine.

Kwa neno hilo nilitafuta karibu wiki mbili. Makala zilikuja nyingi na zote zilikuwa za polio: matone ya chanjo, masanduku ya baridi, kampeni za nyumba kwa nyumba, jinsi ya kujaza fomu kama ile niliyoijaza. Nilisoma muhtasari mmoja baada ya mwingine mpaka macho yakawasha. Nyingine zilikuwa na muhtasari tu, na makala yenyewe ilidai kulipiwa. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Nilinakili kwenye daftari mambo ambayo hayakumhusu mtoto wangu hata kidogo, kwa sababu kunakili kulinifanya nione kwamba nafanya kazi.

Nikirudi nyumbani nilimkuta ameketi kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha mbele, anachambua mchele. Alikuwa ameshapata kazi ya kukaa.

"Shangazi, leo umeiona dawa?"

"Bado, mama."

"Kwani hiyo mashine ni kubwa sana?"

"Kubwa."

"Basi utaiona."

Nilikuwa nikiingia ndani nikalia, nikajipangusa, nikatoka kupika. Jirani yangu mmoja, mtu mwema, alinishauri nimpeleke mtoto kwa mtaalamu wa Kongwa anayefungua vifungo. Mimi muuguzi wa miaka ishirini kazini nilimwuliza njia ya kufika. Sikwenda, lakini niliuliza, na njia niliikariri.

Majibu ya maabara yakaja. Hakuna polio. Karatasi ile ilibandikwa kwenye faili, faili likafungwa, na tangu siku hiyo gari halikuja tena na simu hazikupigwa. Ujanja wangu ulikuwa umefika mwisho wa njia.

Siku hiyohiyo nilikwenda maktaba nikiwa na gauni la kazi. Nilikaa, nikaandika maneno yaleyale ya jana, zikaja makala zilezile za jana. Nikapiga meza. Nikamwambia mkutubi, mbele ya wanafunzi, kwamba maktaba yake ni bure kabisa, kwamba wafadhili wameleta mapambo, na yeye kazi yake ni kulinda viti. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Yeye hakupandisha sauti. Alinishika kiwiko, akaniinua, akanipeleka kwenye meza yake ya kazi ambako hapakuwa na kompyuta. Akachukua karatasi, akachora masanduku matatu.

"Nani huyu unayemtafutia?" aliuliza. "Usiniambie masomo."

Nikamwambia.

Akaendelea kama mtu anayeonyesha mapishi. "Swali lako livunje. Sanduku la kwanza, nani. Sanduku la pili, ana nini. Sanduku la tatu, kabla ya hapo kulitokea nini. Kila sanduku unaandika neno, na chini yake ndugu zake wote, kwa sababu wewe utasema hivi na mwenzako wa nchi nyingine atasema vile. Ndugu wa sanduku moja unawaunganisha kwa OR, maana yake yeyote kati yao atatosha. Sanduku na sanduku unaunganisha kwa AND, maana yake lazima yote yawepo. Ukipata makala moja tu inayokaribia, usikimbilie kuisoma. Shuka chini yake utaona majina ya mada, wameyaandika watu walioisoma yote. Chukua majina hayo utafute upya. Na haya yote unayafanya hapa, kwa kalamu, kabla hujawasha kitu."

Sanduku la kwanza nikaandika watoto, na ndugu zake. La pili nikaandika kulegea.

"Ukimshika," aliuliza, "miguu inakuwaje?"

Nikainama nikaendelea kuandika ndugu wa kulegea.

"Dada, si nakuuliza wewe? Umemshika."

"Inakaza," nilisema. "Migumu. Inapishana."

"Mbona umeandika kulegea?"

"Fomu ndivyo ilivyotaka."

"Fomu iko hapa?"

Nililia pale mezani kwake, kilio cha aibu, kile kinachotoka na makamasi. Hakunibembeleza. Aliisogeza karatasi, akanipa na kalamu. Nikalifuta neno la kulegea kwa mistari mingi kuliko ilivyohitajika, nikaandika la kukaza, na ndugu zake. Sanduku la tatu sikujua niandike nini. Sikuona ugonjwa wowote uliotangulia, wala kuanguka, wala sindano. Kwa kumtii tu nikaandika ukame, na chini yake njaa. Niliona kama naandika hali ya hewa.

Tulikwenda kwenye kompyuta. Mwanafunzi aliyekuwapo alitupisha bila kuambiwa. Niliandika kama karatasi ilivyosema, nikabonyeza, tukangoja ile picha ya kuzunguka isimame. Makala zilizokuja zilienea kwenye ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki. Baada ya wiki za maelfu, uchache ule ulinitisha.

Ya pili kutoka juu ilikuwa yake. Sitayanakili maneno, lakini kila sentensi ilikuwa inamweleza mama yangu mdogo: ghafla, bila homa, miguu yote miwili, kukaza, magoti kupishana, ncha za vidole, akili timamu. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake wa vijijini, wakati wa ukame. Nilishuka chini nikachukua majina ya mada kama nilivyofundishwa, nikatafuta upya, na sasa zikaja nyingine, na zote zilikuwa na neno moja ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote ya kazi: konzo. Na baada ya neno hilo, katika kila moja, likaja lile lingine ambalo nilikuwa nalijua vizuri sana. Muhogo. Muhogo mchungu, usioondolewa sumu yake, ukiliwa wiki kwa wiki bila maharage wala samaki wala maziwa. Na zaidi pale wafanyabiashara wanapoutaka kwa haraka, wauzaji wakaacha kuuloweka.

Nilisoma pia sehemu ya tiba. Ilikuwa fupi. Hauponi. Hauendelei kuzidi mwilini kama mtu ameachana na chakula kile, lakini kilichoharibika kimeharibika, na anayeendelea kula anaweza kupigwa tena. Mpaka leo, naandika haya nikiwa nimestaafu, yule mama yangu anatembea kwa fimbo mbili, ni fundi cherehani mzuri, na ana ulimi kunishinda. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilisoma neno la hauponi nikalirudia kutafuta kama nimelielewa vibaya.

Mkutubi alikuwa anasoma nyuma yangu. "Makopa?" alisema. "Mnakula makopa? Dada, kwetu hata mtoto mdogo anajua. Muhogo mchungu unalowekwa siku tatu, unavunda, unalainika, unanuka, ndipo unaanikwa. Ule mweupe mzuri usionuka ndio wa kuogopa. Kwa nini hukuniambia wanakula muhogo?"

"Hukuniuliza."

"Uliniambia masomo."

Alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwangu siku zote zile, na jibu lilikuwa ndani ya kichwa chake tangu utotoni. Mimi nilikuwa nimempita kila mchana nikienda kuitafuta mashine. Nikahesabu siku tangu wifi aondoke na gunia la pili. Mtandao ulikatika tukiwa bado palepale, na safari hii sikuukasirikia.

Asubuhi nilibadilishana zamu, nikamwacha mtoto kwa jirani. Aliniuliza kama nimeiona dawa. Nikamwambia nakwenda kwa mama yake, nitarudi kesho. Alinitazama usoni muda mrefu, akarudi kwenye mchele wake, na hakuniuliza swali lile tena siku yoyote.

Kutoka barabara kuu nilitembea, kwa sababu kungoja sikuweza. Mbuga ilikuwa nyeupe. Njia nzima nilipanga nitakavyosema, nikiyapanga maneno kwenye masanduku. Nitaanza na unga. Nitasema umwagwe kwanza, maelezo baadaye. Kisha nitasema habari za gunia, kwamba ni mimi. Kisha habari za fomu, kwamba nilijua na sikuandika. Nilipofika nyuma ya nyumba ya tembe ya mdogo wangu nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Wifi alikuwa anasonga.

Aliacha mwiko akaja kunipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za binti yake. Mdogo wangu alitoka ndani na kigoda. Nikasema, "Ugali huo umwageni." Walidhani nimekuja na habari za msiba, kwa sababu kwetu chakula hakimwagwi kwa jambo lolote dogo kuliko hilo. Wifi aliipua sufuria akaiweka chini, akasimama ameshika mdomo.

Ndipo yule wa miaka mitano akatokea upande wa zizi tupu. Alikuwa amefurahi. Alikuwa anakuja mbio kuniamkia, na mbio zenyewe zilikuwa za kurukaruka, kwa ncha za vidole, visigino juu, magoti yakigongana. Alianguka mara moja, akainuka, akacheka.

"Shikamoo shangazi!"

"Huyo usimjali, wifi," mama yake alisema. "Tangu wiki iliyopita anamwigiza dada yake. Anasema akitembea hivyo na yeye atapelekwa mjini akale wali. Nimeshamchapa mara mbili aache."

Nilipiga magoti mchangani nikaushika mguu wake. Nikajaribu kuukunja. Ulinigomea.

Maneno yote niliyoyapanga njiani niliyasema, lakini bila mpangilio, nikiwa bado nimeushika mguu ule. Nilisema gunia, nikasema fomu, nikasema siku tatu za kuloweka, nikasema mimi, mimi, mimi. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Dada, ulituletea chakula," na sijui kama alikuwa ananisamehe au ananihukumu. Sijawahi kumwuliza.

Wifi hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa amemvuta mtoto mapajani, amemgeuza, anautafuta mstari wa fimbo nyuma ya goti lake, na alipouona aliufunika kwa kiganja.

"Kumbe nilikuwa nampiga mgonjwa," alisema.

Mtoto alinitazama kutoka mapajani mwa mama yake, akaniuliza kama basi la mjini litaondoka leo au kesho.